Nyuki Kanisani

Jumapili iliyopita Pasta alituomba tunyamaze dakika mbili mbele za Mungu. Aliyekataa hakuwa mtoto wala simu ya mtu. Lilikuwa gitaa langu la besi, siku yake ya kwanza kazini.

Nilikuwa nimefumba macho na kuinua mikono kama wenzangu. Kanisa likatulia, mabati tu yakialika kwa jua. Ndipo ikaanza: mmmmm. Sauti nzito, ya chini, yenye mchanga ndani yake. Nikafumbua jicho moja. Mama wa viti vya mbele alikuwa ameshafumbua yote mawili na anakagua dari. Nyuma yake, mzee mmoja anayefuga nyuki huko Molo alitega sikio kama daktari, kisha akatoa majibu. "Hao ni nyuki," alinong'ona, kwa mnong'ono uliofika viti sita. "Na ni wengi."

Nikateremsha mikono nikashika nyuzi, nihakikishe si mimi. Sauti ikafifia papo hapo, ukabaki mvumo mdogo. Nikashukuru. Nikainua mikono tena, nyuki wakarudi. Nikashika nyuzi, wakafifia. Nikainua, hao! Aliyeketi nyuma aliona jambo moja tu: kila kijana wa besi akimwinulia Mungu mikono, kuna kitu kinanguruma. Mashemasi wawili walitoka kutafuta ngazi. Kijana wa mitambo, ambaye ndiye mwenye kitufe cha kunizima, alikuwa ameinamisha kichwa hadi magotini. Miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona akiomba kwa bidii namna ile.

Dakika mbili zikawa nne, maana Pasta naye alikuwa anawangoja nyuki watulie. Hawakutulia. Kwaya ikaanza wimbo katika F. Nyuki walikuwa G. Noti hizo mbili zikikutana huko chini kabisa hazipatani, husukumana kama matatu mbili zinazogombania abiria mmoja. Mwalimu wa kwaya aligeuka akanitazama jinsi mtu anavyomtazama aliyekalia keki ya harusi. Na sikuwa nimepiga noti hata moja.

Ibada ilipokwisha, ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani na mzee wa Molo yuko juu yake, ameshika gazeti lililosokotwa likitoa moshi. Nikamwambia, "Shuka, mzee. Ni gitaa." Alinitazama kitambo. Akashuka kidaraja kimoja kimoja, akanikabidhi lile gazeti likiwa bado linafuka, akaenda zake bila neno.

Nilijitakia mwenyewe. Besi yangu ya zamani ilikuwa ya betri, ile ya mraba ya volti 9, na hakuna aliyeniambia kwamba ukiacha waya umechomekwa betri huendelea kuliwa hata ukiwa umelala. Ilizimika Njoro, kwenye harusi, bibi harusi akiwa nusu ya njia. Nikaapa: sasa nataka isiyo na betri, ile ambayo wapigaji huiita pasivu, na iwe na pikapu mbili za aina mbili.

Nikampigia dalali mmoja nikamwambia hivyo hivyo: pikapu mbili, mchanganyiko, bei ya chini. Baada ya saa moja nilipigiwa na mtu wa Free Area mwenye Datsun na Isuzu, tayari kupunguza nikizichukua pamoja.

Dalali wa pili alielewa. Alisema anayo, na imetoka London. Usiku huo nilimwona akilini Mwingereza mzee akiifuta vumbi kwa kitambaa, akiiaga. Asubuhi dalali akanielekeza: panda matatu, shuka London, uliza njia ya jaa la Gioto. Mtu wa Nakuru hana kisingizio hapo: London ni mtaa wetu. Nililipa shilingi 16,000 bila kuichomeka popote, kwa sababu stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Dalali akasema hiyo ndiyo raha ya pasivu, haitaki stima. Nikatikisa kichwa kama mjuzi.

Lakini naomba nieleze kwa nini nilizitaka zile pikapu mbili, maana nimesoma mambo haya hadi usiku wa manane na sina mtu wa kumwambia.

Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo sana huzaliwa ndani ya ule waya. Basi, hakuna kingine. Michael Faraday aliligundua jambo hilo mwaka 1831, na pale Olkaria, upande wa Naivasha, wanalifanya tangu 1981: mvuke wa ardhini unasukuma mtambo, mtambo unazungusha sumaku katikati ya koili za shaba, nasi tunawasha taa. Besi isiyo na betri ni Olkaria ya kupakata. Kidole ndicho mvuke.

Aliyeitengeneza besi ya umeme ikashika soko ni Leo Fender wa California, fundi wa redio ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa. (Nalipenda sana jambo hilo. Nawajua wapigaji ambao hawajui hata kushika bisibisi.) Mwaka 1951 alitoa besi aliyoiita Precision. Mwaka 1957 aliikata pikapu yake vipande viwili. Mwaka 1960 akatoa nyingine, Jazz, yenye pikapu mbili nyembamba. Mchanganyiko nilioutafuta huchukua moja ya kila upande: ile ya vipande viwili hukaa katikati ya gitaa, na moja nyembamba hukaa nyuma, karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia. Wazia kamba wanayoruka watoto. Katikati inapaa na kushuka kwa nguvu, karibu na mkono inatetemeka tu. Uzi wa besi ni vivyo hivyo. Pikapu ya katikati inasikia mpigo mzito unaoingia kifuani. Ya nyuma inasikia yale matetemeko madogo, na sauti yake ni kavu, yenye makali, kila noti na jina lake. Nilitaka ya kifuani kwa nyimbo za kuabudu, na ile ya nyuma kwa sababu tangu utotoni nimetaka besi inayozungumza kama ya Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Kwa hiyo Jumapili niliifungua ya nyuma hadi mwisho.

Sasa sikiliza hili. Koili haina adabu ya kuchagua. Inausikia uzi, na inazisikia pia nyaya za stima zilizo ukutani. Umeme wetu hugeuka mara 50 kila sekunde. Uzi mnene wa besi, ukiubana kwenye freti ya tatu, hutikisika mara 49, na hiyo ndiyo G. Kwa hiyo ukuta wowote wa Kenya, ukipewa spika, unaimba G iliyopanda kidogo. Marekani hutumia 60, na kelele yao huangukia kati ya noti mbili, hata haina pa kukaa. Yetu angalau ina ufunguo.

Ndiyo maana Fender aliikata pikapu ile. Vipande viwili vimezungushiwa waya kinyume, na sumaku zake nazo zimegeuzwa kinyume. Sauti ya uzi inageuzwa mara mbili, hivyo inarudi kuwa ile ile. Kelele ya ukutani haijali sumaku, inageuzwa mara moja tu. Kipande kimoja kinasema ndiyo, kingine kinasema hapana, na kelele zinafutana. Nilipolielewa hili nilisimama nikazunguka meza. Besi ya Jazz nayo hufanya ujanja huo huo kwa pikapu zake mbili, zikifunguliwa sawasawa. Ila kwenye mchanganyiko, ile nyembamba ya nyuma haina mwenzake. Jirani yake amekuja na wake. Inabaki pale kama mtoto aliyesahauliwa stendi, inalia.

Hao ndio nyuki. Ule mchanga juu yao, uliowafanya wasikike zaidi, nilikuwa mimi. Mwili wa mtu hunasa stima iliyotapakaa hewani kama erieli, na ukikaribia gitaa ambalo tumbo lake halijavishwa kinga, unaimwaga humo. Ukishika nyuzi, ambazo zimeunganishwa na waya wa ardhini wa gitaa lenyewe, mwili nao unatulia. Ukiinua mikono kumwomba Mungu, unakuwa erieli tena.

Na kuna jambo moja sijamwambia Pasta. Sehemu kubwa ya stima ya Kenya ni ya mvuke, na baadhi ya mitambo ya Olkaria imo ndani ya mbuga ya Hell's Gate. Lango la Jehanamu. Kwa dakika nne za ukimya, washirika wote walikuwa wakisikiliza matangazo ya moja kwa moja kutoka huko, kupitia kwangu.

Fundi wangu wa redio aliifungua besi, akabandika karatasi ya shaba ndani ya tumbo lake, akaiunganisha na waya wa ardhini wa gitaa, akaniambia pikapu ya nyuma niishushe robo. Shilingi 800. Kibandani kwake ikanyamaza vizuri kabisa. Ijumaa jioni tukaenda kuijaribu kanisani, na pale ikanguruma tena, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekatazwa. Fundi akatoa mita yake, akaitumbukiza kwenye soketi ya madhabahuni. Kisha ya pili. Kisha ya mlangoni. Matundu matatu kila mahali, na lile la juu, la waya wa ardhini, halikuwa na kitu nyuma yake. Akafungua moja kwa bisibisi nione. Hapakuwa na waya uliokatika wala uliolegea. Haukuwahi kuwekwa.

Hapo kicheko kiliniishia. Tulichangia vigae vya sakafu. Tulichangia mimbari. Mtu alilipwa kuweka stima, akaweka nyaya mbili, ya tatu akaila, na akafunika kwa soketi nzuri nyeupe ili tusijue. Nanyi wapangaji mnaoumwa na shawa ya maji moto kila asubuhi na kuambiwa mvae ndala, ni wizi ule ule. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey, Mskoti, alishika maikrofoni jukwaani huko Swansea, Wales, akafa mbele ya watu, kwa kukosa waya kama huu. Mimi nilikuwa nimesimama pale kila Jumapili, mkono mmoja kwenye nyuzi za chuma, mdomo nusu inchi kutoka kwenye chuma kingine, na shida kubwa niliyoiona ni kwamba naharibu F.

Kamati imepokea taarifa. Waya wa ardhini utajadiliwa baada ya vigae vya ngazi za nje. Hadi siku hiyo maikrofoni siigusi, na mkiniona madhabahuni nimevaa suti na gambuti, si dharau.