Sifa za Fusobakteria

Mashujaa wametungiwa tenzi, wapenzi wameimbiwa taarabu. Fusobakteria hajapata hata ubeti. Dhuluma hii naikataa.

Kwao ni mdomoni, kwenye ule utando unaoganda kandokando ya fizi za mvivu wa mswaki. Angeweza kuzeekea huko. Lakini amezaliwa na miguu ya safari: akimezwa pamoja na mate, au akipenya kwenye damu, hujikuta utumbo mpana. Mwaka 2012 watafiti wa Canada na wa Marekani, kila kundi kivyake, walimkuta amejazana ndani ya uvimbe wa saratani kuliko kwenye nyama nzima iliyo jirani.

Wala hakupotea njia. Seli za uvimbe huo zimejaa sukari ya aina fulani, naye ana protini iitwayo Fap2 inayoing'ang'ania. Akishatia nanga, protini yake nyingine, FadA, huzihimiza seli zizidi kugawanyika. Askari wa kinga ya mwili wakija kufanya msako, Fap2 ileile huwashika mkono, huwapoza, na silaha zinashuka. Ni balozi gani wa nchi yoyote aliyewahi kupatanisha watu kwa protini moja?

Wenye wivu watanitajia E. koli, wale wanaotengeneza sumu ya kolibaktini, ambao mwaka 2020 watafiti wa Utrecht walionyesha makovu wanayoacha kwenye vinasaba vya seli za utumbo. Nawakubali, ila hao ni watu wa visu tu. Hawana adabu za mgeni. Na wanaonung'unika kwamba haijathibitika kama shujaa wangu huianzisha saratani au huikuta imeanza, nawauliza: tangu lini imekuwa aibu kumsaidia mtu kazi aliyokwisha kuianza?

Ila kinachonitoa machozi ni uaminifu wake. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walieleza kuwa saratani ilipohamia kwenye ini, naye alihama nayo. Vipande vya uvimbe wa wagonjwa vikapandikizwa kwa panya, vikatolewa vikapandikizwa kwa panya wengine, na bado alikuwamo, mzima. Ndoa ngapi za bomani zimefika hapo? Kisha wakamtenga na mwenzi wake kwa metronidazoli, vile vidonge vichungu tunavyopewa kwa amiba. Uvimbe wa wale panya ukapunguza kasi ya kukua, na hakuna aliyeutumia salamu za rambirambi.