Jinsi ya Kukizeesha Chungu kwa Wiki Moja

Ukoo wa jirani unadai ulifika Kakamega kabla yenu? Usibishane, ndugu yangu. Tafuta chungu cha kale.

1. Nenda Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu. Mwombe mama mfinyanzi chungu kibichi, ukibonyeze kitako kwa kidole gumba. Vyungu vya Urewe, kule Siaya, vina kibonyo hicho hicho. Akina Mary Leakey waliviandika mwaka 1948, na umri wake unapita miaka 1,500. Kikishachomwa, kivunje. Chungu kizima hutiliwa shaka, vigae huheshimiwa.

2. Sasa makaa, hapa ndipo penye utamu. Kipimo cha kaboni, alichokibuni Mmarekani Willard Libby miaka ya 1940, hakijui moto uliwashwa lini. Kinajua kuni ziliacha kukua lini. Na moyo wa mti mkubwa uliacha kupokea kaboni mpya zamani, hata kama gome lilikuwa hai jana. Basi chukua nguzo ya mvule ya nyumba ya babu (msituni usiguse, askari wa misitu hawana utani), uchonge moyo wake, uuchome, unyunyize makaa juu ya vigae. Umepata karne nzima bila jasho.

Haitoshi? Mwagia dizeli. Kaboni-14 hupungua nusu kila miaka 5,730, na mafuta ya ardhini, kwa ukongwe wake, hayanayo tena. Kaboni yake ikiwa nusu ya sampuli, umejiongezea zaidi ya miaka 5,500 kabla ya chai ya saa nne. Maabara makini huosha sampuli kwanza. Usiende kwa walio makini.

3. Kigae chenyewe usimpe mtu. Wapo wanaopasha moto chembe zake, zikang'aa, na kwa kiasi cha mwanga huo wakajua chungu kilichomwa lini. Watakuambia: juzi.

4. Majibu yakija na alama ya kujumlisha na kutoa, kunja karatasi hapo. Halafu, kwa kuwa wataalamu huhesabu kurudi nyuma kuanzia 1950, ongeza miaka iliyopita tangu hapo. Hiyo ni halali kabisa. Ifurahie, ni ya pekee.

5. Jihadhari na nguruwe. Koobi Fora, Turkana, majivu ya volkeno yalipimwa mwaka 1969 yakapewa umri wa miaka milioni 2.6. Mifupa ya nguruwe wa kale, ilipolinganishwa na ile ya bonde la Omo, ikasema ni takriban milioni 2. Wasomi walizozana karibu miaka kumi, nguruwe wakashinda. Wewe huhitaji kushinda miaka kumi. Unahitaji baraza la Jumamosi moja tu, na chifu mwenye haraka.