Barua ya Wazi kwa Wenye Mizani ya Mlima

Kwa Waheshimiwa Wote Wenye Dhamana ya Mlima Kilimanjaro,
Langoni Machame, na malango mengine yote.

YAH: OMBI LA KUIONGEZEA MIZANI KAZI

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Kwanza, hongereni kwa mizani. Nchi hii mizani zake tunazijua: ya bucha ina hila zake, na ya pamba ina kesi zake za miaka mingi. Hii ya langoni ndiyo tunayoisifia. Asubuhi wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, wanapanga mstari, kila mmoja na furushi lake, linapimwa, linasoma kilo 20, haya pita, mwingine. Mgeni aliyekuja na dhamiri yake kutoka Ulaya anaipiga picha mizani hiyo na kuanza safari akiwa na moyo mweupe.

Tatizo dogo ni kwamba kona ya kwanza baada ya lango haina mizani. Hapo ndipo mkubwa wa msafara asiye na haya humwambia kijana, "Mgumu, nishikie na hiki, ni sufuria tu." Sufuria huwa haina uzito kwa anayeitoa.

Kwa kuwa mizani mnayo tayari, na haihitaji posho wala semina elekezi, naomba ipimishwe na vitu vingine.

Ianze na choo. Kuna kijana ambaye kazi yake, kuanzia lango mpaka kambi ya mwisho, ni kubeba choo cha mgeni. Anakitua, anakisimika ndani ya kihema chake, anakisafisha, asubuhi anakikunja, kisha anampita mgeni njiani karibu mbio ili mgeni akifika akikute kimeshasimama kinamsubiri. Kwenye misafara wamempa cheo cha utani: injinia wa choo. Naomba injinia huyu apimwe pamoja na cheo chake, maana cheo ameshakibeba, mshahara wa uinjinia ndio bado uko njiani.

Kisha mayai. Pale ukuta wa Barranco mgeni anapanda kwa mikono miwili, kifua kimegusa mwamba, kiongozi anamwelekeza pa kuweka mguu. Nyuma yake anakuja mtu ana furushi kichwani na trei ya mayai mkononi, anaomba njia kwa adabu: samahani, samahani dada, samahani baba. Jioni mgeni anasimulia jinsi alivyoushinda ukuta, kisha anauliza kama mayai yanaweza kukaangwa yasiive sana.

Simulizi hizo hufanyika ndani ya hema la kulia chakula, na hapo napo pana jambo la kupimwa. Kwenye misafara mingi ya bei poa, hema hilo ndilo chumba cha kulala cha wagumu. Mgeni akiwa na mengi ya kusimulia, wao wanasubiri nje, mita zaidi ya 4,000 juu ya usawa wa bahari, na wengine koti ni la kuazima. Mizani ya kupima maneno ya mgeni sijui inauzwa wapi, ila ikipatikana nitachangia.

Sasa tuje kwenye fedha. Mgeni kutoka nje analipa dola 70 kwa siku kama tozo ya uhifadhi, kabla ya VAT. Malazi yake mbali, na dola 20 za uokoaji mbali. Sina ugomvi na tozo hiyo. Moto wa Oktoba 2020 tuliuona, na kuulinda mlima si kazi ya bure. Nawaomba tu upande wa pili wa mizani mweke kima kilichotangazwa kwa ajili ya mgumu, yaani dola 10 kwa siku, halafu mrudi nyuma hatua mbili muangalie. Mlima unalipiwa dola 70 kwa kukaa pale pale ulipo. Anayeuzunguka na mzigo kichwani ni dola 10, tena kama mwajiri wake anakikumbuka kima hicho. Kinachobaki anaachiwa mgeni akijaze kwa tipu siku ya mwisho, baada ya kuimbiwa na kuchezewa. Nasikia hayo ndiyo maelewano ya kazi.

Mtasema desturi ni ya zamani. Kweli. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, kambini juu alibaki Muini Amani, mtu wa Pangani, mtoto wa bahari aliyekuwa akiwatunzia moto na chakula kwenye baridi ile. Kilele kikapewa jina la Kaiser Wilhelm, ambaye alikuwa kwao Ujerumani na hakubeba hata kijiko. Jina tulilibadilisha na kuwa Uhuru. Mpangilio wa mizigo tuliuacha kama ulivyokuwa.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Mambo mazuri yapo. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifika kambi ya Horombo, mita 3,720. Sasa mgeni anarusha picha mbashara, na mgumu anaweza kumjulisha mkewe kutoka mlimani, bila kukatikakatika, kwamba bado hajalipwa. Na mwaka 2019 ilipotangazwa kwamba suala la magari ya kebo linaangaliwa, wagumu walikuwa na hofu ya kukosa kazi. Mimi niliwatuliza. Niliwaambia hata kebo ikija, choo kitahitaji mtu wa kukishusha.

Nahitimisha kwa kukumbusha kwamba iwapo haya yote yatazidi uwezo wa mizani, utaratibu unaruhusu yagawanywe kwa mizani mbili.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mlipakodi, Moshi.

Nakala: Injinia wa Choo – kwa taarifa, akishatua.