Heko, Kijana wa Subaru

Watu wa Buger wana wivu tu. Kijana kakata springi za Subaru Impreza yake mpaka bampa ya mbele inalamba udongo mwekundu, nao wanacheka! Land Cruiser za watalii zinazopanda Ngorongoro zimeinuliwa juu kwa woga. Yeye kashuka kwa ujasiri. Kila Jumamosi anapima makorongo ya barabara kwa tumbo la gari, bure kabisa, na hajaomba hata zabuni. Bomba la moshi linanguruma kuwashinda simba wa kreta, na ile spoila, pana kama ubao wa kupigia pasi, inalizuia gari lisipae likifikia kilomita 15 kwa saa. Mvua ikinyesha, ng'ombe wa plau hulivuta hadi lami ya Karatu, tabo ikipiga mluzi njia nzima.