They Imekosa Nini?

Walinzi wa Kiingereza bado wananung'unika: they ni ya wengi, kuitumia kwa mtu mmoja ni kuharibu sarufi. Uharibifu wenyewe ni mkongwe. Oxford English Dictionary inaufuatilia hadi 1375, na Shakespeare alishiriki bila kukamatwa. Hata you ilikuwa ya wengi kabla ya kumfukuza thou, iliyokuwa ya mtu mmoja. Leo mtu mmoja huambiwa you are na hageuki nyuma kumtafuta mwenzake.

Watasema utata utazidi. Pengine, mara mojamoja. Lakini mwaka 1850 Bunge la Uingereza liliamua kwamba katika sheria zake he imbebe na mwanamke, hivyo kisheria he akaweza hata kushika mimba, na utata huo ulimezwa bila maji. Wenye hasira wamechelewa karne sita.