Choo cha Sendofu

Baba mdogo alitangaza mradi akiwa amesimama, na nyumbani kwetu Mbagala akisimama ujue mjadala umefungwa. Dada anaagwa mwisho wa mwezi ujao, wageni watajaa uani, choo cha ndani hakitatosha. Kijengwe kingine nje. Shimo, kuta, bati, basi.

Hakuna aliyeandika. Shangazi akasema wakwe hawaogi kwa ndoo, pawekwe bomba la mvua. Bibi akataka sinki. Mama, ambaye si mtu wa makuu, akaomba marumaru "za kawaida tu." Kila ombi lilikuwa dogo, kwa hiyo hakuna aliyeuliza litaongeza shilingi ngapi na siku ngapi. Anayeanza kujifunza kuendesha miradi huambiwa mapema kabisa kwamba ukubwa wa kazi, muda na fedha vimeshikana: ukigusa kimoja, viwili vinatikisika. Bibi hakuwa ameanza kujifunza.

Binamu yangu, anayesomea mambo hayo chuoni, akabandika karatasi ukutani: kazi kushoto, tarehe juu, na mistari mlalo ya kuonyesha kila kazi inaanza na kwisha lini. Chati hiyo inaitwa kwa jina la Henry Gantt, mhandisi Mmarekani aliyeieneza miaka ya 1910. Baba mdogo akaitazama, akaisifu, kisha akatundika kofia yake kwenye msumari ulioishikilia.

Angeisoma, angeona jambo ambalo James Kelley na Morgan Walker walilipigia hesabu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kampuni ya DuPont. Ziko kazi zinazoweza kuchelewa na usione tofauti, na ziko zinazongojana moja baada ya nyingine. Hizo ndizo zinazoamua utamaliza lini. Kwetu zilikuwa shimo, zege la mfuniko, kuta, mabomba, marumaru. Zege halijui habari za sendofu. Linataka kumwagiliwa maji wiki nzima, na mafundi huhesabu siku 28 ndipo waamini limefikia nguvu yake. Rangi ya mlango ingeweza kusubiri hata mwezi. Baba mdogo alianza na rangi, kwa kuwa dukani walipunguza bei.

Fundi mwashi alilipwa fedha zote mkononi, akapatwa na msiba Morogoro. Fundi marumaru akatangulia kufika kabla ya fundi bomba, na kwa kuwa nauli yake ilishatolewa, akaambiwa aendelee. Kazi yake ilikuwa safi, haki yake nimpe. Kesho yake fundi bomba akaja na nyundo na patasi. Mama akaingia chumbani, akajifungia.

"Nani kamwita huyu?" Bibi akauliza. Kila mtu alimtazama mwenzake.

Ndipo binamu akaongeza safu moja kwenye chati: jina la mtu mmoja mbele ya kila kazi. Shangazi alitaka mahali fulani paandikwe "wote"; akakataliwa. Sinki likafutwa, bomba la mvua likaahirishwa, mafundi wakaanza kulipwa kwa hatua.

Siku ya sendofu choo kilifanya kazi vizuri. Kilikosa mlango tu. Chati ilikuwa na "rangi ya mlango". Mlango wenyewe haukuandikwa popote. Shangazi akatundika kitenge, Mjomba akapewa ulinzi, wakwe wakawa wanapita mmoja mmoja.

"Na ile rangi, shemeji?" Mama akauliza.

"Ya mafuta ile," Baba mdogo akajibu. "Haiharibiki."