Hatunywi Chai

Mama yangu alichuma majani chai Limuru kwa miaka 23. Sare yangu ya shule ilitoka kwenye kikapu chake, viatu vilitoka humo, hata godoro nililolalia. Kwa hiyo asubuhi ile ya mwaka 2014, nilipokisogeza kikombe kando na kusema siku hizi sinywi chai, alianza kwa kunigusa paji la uso. Alipoona sina homa akamwita shosho, nyanya yangu. Shosho akanitazama kutoka juu mpaka chini, akauliza huyo msichana ni wa nyumba gani.

Hakukuwa na msichana. Kulikuwa na kanisa. Nilikuwa nimebatizwa Jumamosi iliyotangulia katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu huwaita Wamormoni, na nilikuwa nimeahidi kushika Neno la Hekima. Huo ni ufunuo ambao Joseph Smith aliupokea Kirtland, Ohio, tarehe 27 Februari 1833. Unakataza pombe, tumbaku na vinywaji vya moto, na kanisa likafafanua kwamba hivyo vya moto ni chai na kahawa. Inasimuliwa kwamba chanzo chake ni Emma, mkewe Joseph, aliyechoka kusugua mate ya tumbaku sakafuni kila wanaume walipomaliza kujifunza neno. Hapo mama hakuwa na shida. Mwanamke aliyechoka kupiga deki, alisema, Mungu lazima amsikie. Alichokwama nacho ni uji.

"Kwani uji si moto?"

Sikuwa na jibu. Jumapili nikamuuliza rais wa tawi letu, akaniambia uji ni halali. Nikarudi na habari njema. Mama akasema dini inayoruhusu uji na kukataza chai imeletwa na mtu ambaye hajawahi kuamka saa kumi alfajiri.

Miaka miwili baadaye ikaja bahasha nyeupe. Kwetu, mvulana akishafika miaka 18 anaweza kwenda misheni kwa miezi 24, lakini hachagui anakokwenda; wakati huo barua ilitoka Salt Lake City nawe ukafunga mizigo. Niliowajua walikuwa wamepelekwa Uganda, Ghana, Afrika Kusini. Mimi nikaifungua mbele ya ukoo mzima nikasoma: Uingereza, Leeds. Watu walinyamaza kidogo. Kisha mama akacheka mpaka akashika ukuta.

"Umekataa chai yangu," akasema, "sasa nenda ukaikatae ya Malkia."

Mmisionari huvaa suti. Yangu niliipata Gikomba, kwenye rundo la mitumba, baada ya kuigombania na fundi mmoja wa Kariobangi aliyeitaka kwa ajili ya harusi. Nilipofika nyumbani nikaona kitambulisho ndani ya koti: Burton, Leeds. Nguo ilikuwa imetoka Yorkshire mpaka Nairobi, na sasa ilinitumia mimi kama nauli ya kurudi kwao.

Nilianzia kituo cha mafunzo kilicho Chorley, karibu na Preston, kando ya hekalu letu. Huko wanakusimulia jinsi wamisionari wa kwanza kutoka Marekani walivyofika Preston mwaka 1837, na jinsi tarehe 30 Julai watu tisa walivyobatizwa katika mto Ribble. Wanaume wawili walishindana mbio kuelekea mtoni ili ajulikane nani atakuwa wa kwanza kuzamishwa. Nilikisikiliza kisa hicho kwa moyo mkunjufu, nikajiona niko kwenye nchi ya watu wenye kiu. Nilipofika Leeds nikagundua kwamba mbio bado zipo. Zamani watu walikimbilia ubatizo, sisi walitukimbia.

Ilikuwa Januari 2017, na saa kumi jioni giza lilikuwa limeshaingia. Kifuani nilikuwa na kibati cheusi chenye jina langu na cheo changu, ambacho kwa Kiswahili cha kanisani ni Mzee. Nilikuwa na miaka 19. Nyumbani ukimwita kijana wa miaka 19 mzee, ama unamdhihaki ama unataka akununulie kitu. Mwenzangu, naye Mzee, alitoka kijiji cha viazi huko Idaho, alikuwa mrefu kama mlingoti, na kwa mujibu wa kanuni hatukupaswa kuachana hata hatua chache. Tuliamka pamoja saa kumi na mbili na nusu, tukala pamoja, tukatembea pamoja. Mahali pa pekee pa mtu kuwa peke yake ni bafuni. Ndiko nilikofanyia maombi yangu ya kweli, yale ambayo hayasemwi mbele ya watu, nikiwa nimekaa ukingoni mwa bafu huku maji yakimwagika ili nisisikike. Usiku mmoja nilimwomba Mungu anipe ishara kwamba hakukosea anwani aliponileta huku. Nikasubiri. Mlango ukagongwa mara tatu. Moyo ulinilipuka. Ni mwenzangu, akitaka kujua kama nimezimia.

Mtaa wetu ulikuwa Harehills, wenye safu za nyumba za matofali mekundu zilizopeana migongo, na kazi yetu ilikuwa milango. Mimi nimekulia kwenye hodi. Unasimama mbali kidogo, unapaza sauti, unaitikiwa karibu, na ukishaitikiwa hivyo wewe ni mgeni hata kama hukupendwa. Kule unabonyeza kengele, pazia la juu linasogea kidogo, kisha hakuna kitu. Siku ya kwanza nilisahau nikapiga hodi kwa sauti ya Limuru. Madirisha matatu yalifunguka, hakuna hata moja la nyumba niliyokusudia. Wengine walidhani tunauza madirisha, wengine kwamba tumekuja kudai deni, na wengi walituambia kwa upole kwamba tulishafika juma lililopita. Waliofika walikuwa Mashahidi wa Yehova.

Nilichelewa kuzielewa salamu zao. Mtu anakuuliza kama uko sawa, nawe unaanza kumweleza kuhusu baridi, goti, na barua kutoka nyumbani, kumbe ameshafika kona ya barabara. Kisha dereva wa basi, mwanamume wa makamo mwenye chale za nanga mikononi, akanirudishia chenji na kuniita mpenzi. Kanuni zetu zilikuwa wazi kabisa kuhusu mapenzi: hakuna, kwa miezi 24. Nilikaa kiti cha nyuma nikiwaza jinsi ya kuliripoti. Mwenzangu alinieleza kwamba Yorkshire kila mtu ni mpenzi, hata mbwa.

Lakini msalaba wangu ulikuwa chai. Kwa watu wale, bomba likipasuka, chai. Mtu akifiwa, chai. Mafundi wakija kutengeneza paa, chai kabla hawajatua ngazi. Na waliotukaribisha walikuwa ndio wema kuliko wote. Bibi aliyetuambia mlangoni kwamba haamini chochote tangu mumewe afariki alitwambia pia tuingie tupate kikombe, tulikuwa tumelowa. Mtu wa Yorkshire atakunyima roho yake lakini chai hakunyimi. Nasi, tuliotumwa kupokea kila mlango uliofunguka, tulikuwa tunakataa kitu cha kwanza kilichopita mlangoni. Nilikuwa nimelelewa kujua kwamba kukataa chai ya mtu ni kumwambia nyumba yake ni chafu. Kila niliposema hapana, ahsante, nilimwona mama amesimama nyuma ya mwenye nyumba, amekunja mikono.

Jikoni mwa bibi yule kulikuwa na pakiti iliyoandikwa Yorkshire Tea. Nikaitazama sana, maana mpaka leo sijaona mchai uliomea Yorkshire. Humo mna majani ya Assam, ya Rwanda, na ya Kenya. Sisemi kwamba ni ya mama. Sisemi kwamba si yake.

Sasa nisimulie aibu yenyewe. Jumapili ya pili, kanisani kwetu, dada mmoja mzee, mwumini wa miaka mingi, alinishika ukosi wa koti, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye mshono kama mama anayekagua masikio ya mtoto. Ujanani alifanya kazi kiwanda cha Burton cha Hudson Road, kilichowahi kuwa na wafanyakazi wapatao 10,000. Akasema koti ni la kwao ila vifungo ni vya mwizi. Kisha akatuambia, mbele ya askofu, tena bila kupunguza sauti: "Jumanne mje kwangu chai."

Nikamtazama askofu. Askofu akatabasamu, akasema chai ya dada huyu ni tamu, yeye mwenyewe huenda na watoto.

Sikulala. Nilikuwa nimevuka bahari, nimemliza mama (kwa kicheko, lakini machozi ni machozi), nimetetea uji mbele ya ukoo, kumbe huku askofu anawanywesha watoto wake chai! Jumatatu, ambayo ni siku yetu ya maandalizi, siku ya kufua na kuwaandikia nyumbani, nilimwandikia mdogo wangu barua pepe ndefu kuhusu ukengeufu wa siku za mwisho. Jumanne nilifika kwa yule dada nikiwa nimejiandaa kama Danieli. Nilisimama kizingitini nikamwambia kwa heshima zote kwamba nampenda, namwombea, lakini sitaingia, na kwamba naye atubu.

Nyuma yake nikaona meza: nyama ya kuoka, viazi, karoti, mchuzi mzito, na jagi la maji. Kaskazini mwa Uingereza, chakula cha jioni kinaitwa chai.

Mwenzangu alijua. Alikuwa amekaa kule miezi 14 na alijua tangu Jumapili. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Hata hivyo ningejua mimi, kama ningetumia akili. Kwetu chai ni kinywaji, ni mkate na siagi vya asubuhi, na ukisimamishwa na trafiki njia ya Naivasha ni kitu cha tatu kabisa. Mdogo wangu alikuwa ameshaichapisha ile barua saiba na kumsomea mama. Jibu la mama lilikuwa mstari mmoja: hata hao wameshindwa.

Mlango ninaoukumbuka kuliko yote ulifunguliwa Machi na babu wa miaka 83 aliyevaa sweta mbili. Alisoma kibati changu, akauliza natoka wapi. Kenya. Mgongo ukamnyooka. "Jambo!" akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayefungua kabati lililofungwa miaka 60: "Lete chai! Haraka! Kimya! Kaa chini!"

Mwenzangu akakaa chini, kwa vile babu alikuwa amekionyesha kiti.

Alikuwa Kenya mwaka 1954, akitumikia jeshi la lazima la miaka miwili. Guka, babu yangu mwenyewe, alizolewa Nairobi Aprili mwaka huohuo, katika ule msako wa jeshi la Uingereza ulioitwa Operesheni Anvil, akarudi Limuru baada ya miaka minne. Guka naye alikuwa na Kiswahili cha aina ileile, maneno yaleyale, ila yeye alikijua kutoka upande wa kuambiwa. Niliyasema hayo pale pale, na si kwa ustadi. Babu alinyamaza. Kisha akainuka akaenda kupika chai, maana ndicho wanachofanya.

Nikamwambia hatunywi.

Nadhani hilo ndilo lililomuumiza. Alisimama na birika mkononi akiuliza basi atupe nini. Nikasema maji moto. Akatuletea vikombe viwili vya maji moto kwenye trei yenye kitambaa, na vipande vya limau, na biskuti.

Tulikuwa tunaenda kila Alhamisi. Hakubatizwa, na sikumbuki kama alisoma hata ukurasa mmoja wa Kitabu cha Mormoni tulichomwachia. Kilikaa chini ya redio. Alichotaka ni Kiswahili. Aliuliza kama lugha hii ina neno la kuomba, kwa sababu hakuwahi kulisikia. Nikamfundisha tafadhali. Ilimchukua wiki tatu.

Alhamisi ya mwisho kabla sijahamishiwa Hull, hatukubonyeza kengele. Nilipiga hodi. Mlango ukafunguliwa, naye babu alikuwa ameshashika trei, vikombe vinatoa mvuke.

"Karibu, Mzee," akasema. "Kaa chini. Tafadhali."

Mwenzangu akaninong'oneza kuniuliza tumeambiwa nini. Nikamwambia tumekaribishwa chai.